Swali Ambalo Hakuna Aliyemuuliza Halati

Nyumbani kwa halati yangu, Konde, simu inalia kengele mara mbili kwa siku: saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Hata watoto wa jirani wanaijua. Ikilia nao wanacheza barazani, mmoja wao hupiga ukelele, "Bibi, dawa!" na halati hujibu kutoka ndani, "Nshasikia!" Kisha husikia wewe uliyekaa ukumbini mlio wa kopo la vidonge, maji kumiminwa kwenye gilasi, na "Bismillahi" ya chini chini.

Kengele hiyo ilianza mwaka 2014. Mwaka huo halati alipandikizwa figo India, na figo yenyewe ni ya mjomba wangu, kaka yake wa tumbo moja. Wakati ule hapa Tanzania hapakuwa na spitali inayofanya kazi hiyo. Muhimbili walipandikiza figo yao ya kwanza Novemba 2017, na Benjamin Mkapa kule Dodoma wakaanza 2018. Kwa hiyo ilikuwa India au kaburi, kama asemavyo bibi mpaka leo. Karafuu za misimu miwili zilikwenda, ng'ombe wakaenda, na michango ya watu wengine hata hatuwajui. Mie nilikuwa na miaka 11. Ninachokumbuka ni siku aliporudi: alishuka kwenye boti pale Mkoani uso umemvimba kwa dawa, amevaa barakoa, na bibi akakatazwa kumkumbatia.

Tangu hapo sote tulijifunza sheria za figo. Halati hanywi maji yasiyochemshwa. Hali balungi, kwa sababu balungi linapandisha dawa yake mwilini kupita kiasi. Mwenye mafua haingii chumbani kwake. Tukajiona tumehitimu. Kumbe kulikuwa na sheria moja hatukuwahi kuambiwa, na mie niliyekuja kuijua niliijua kwa bahati, nikaisema vibaya, nikakaribia kumpotezea ile figo. Ndo maana ninaandika.

Mwaka jana nilikuwa Pemba kwa mazoezi ya kufundisha. Nilipangiwa skuli moja ya sekondari upande wa Micheweni, na kwa kuwa Konde ni karibu, nikakaa kwa halati. Wiki ya tatu zikaja habari kwamba wauguzi watakuja kuchanja wasichana dhidi ya kirusi cha papiloma, kile kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Barua kwa wazazi zikatoka Jumatatu. Jumanne uvumi ukawa umeshafika kabla yetu: eti chanjo inafunga kizazi. Mwalimu mlezi akaniita akaniambia, "Wewe ni mwanamke, bado kijana, na unasomesha baiolojia. Zungumza nao."

Nikasema sawa. Halafu nikakaa kwenye ofisi ya walimu nikagundua kwamba sina maneno. Kwa Kiingereza cha chuoni nilikuwa nayo yote. Kwa Kiswahili cha kumtazama mtoto wa miaka 13 usoni, nilikuwa na "huko chini" tu. Nilipokuwa kidato cha pili mimi mwenyewe, mwalimu wetu alifika kwenye sura ile akasema, "Hii mtasoma nyumbani." Nyumbani kwetu hakuna aliyeisoma.

Nina sababu nyingine ya kuijua chanjo hii. Tanzania ilipoianza nchi nzima Aprili 2018, ilikuwa kwa wasichana wa miaka 14. Mie nilikuwa nimetimiza 15 mwezi mmoja kabla. Nilikaa dirishani nikiwatazama wenzangu wakipanga mstari na kuusugua mkono, nikashukuru Mungu nimeiepuka sindano. Siku hizi ni dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, tangu 2024. Wale niliowasimamia darasani walikuwa wanapewa kitu ambacho mie nilikikosa kwa wiki nne.

Basi nikawaambia ninayoyajua. Kwamba mlango wa kizazi ni shingo ya tumbo la uzazi, pale linapokutana na uke. Kwamba kirusi hiki kina aina zaidi ya 100, na nyingi hazina madhara makubwa. Aina mbili, ya 16 na ya 18, peke yake zinasababisha kiasi cha asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Kwamba watu wengi wanaoingia kwenye ndoa watakutana nacho wakati mmoja katika maisha yao, mwanamume na mwanamke, na wengi wao mwili utakifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili bila wao kujua kama kilikuja. Kwamba kinapong'ang'ania ndipo hubadilisha chembe za pale polepole, miaka 15 hata 20, mpaka ikawa saratani. Na kwamba Tanzania peke yake, kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 waliipata na zaidi ya 6,000 walikufa nayo.

Msichana mmoja wa nyuma, asiyewahi kunyoosha mkono tangu nifike, akanyoosha. "Mwalimu, umesema mwili unakifukuza wenyewe. Kuna watu ambao mwili wao haukifukuzi?"

Nikajibu kama kitabu: wanaoishi na VVU, kwa sababu kinga yao imeshuka. Akaridhika, akakaa. Mie pia nikaridhika, nikaandika kwenye daftari langu la tathmini kwamba kipindi kimekwenda vizuri.

Usiku ule nilikuwa ninasahihisha madaftari kwa taa ya simu, umeme umekatika. Kengele ikalia. Saa mbili. Nikasikia kopo, nikasikia maji, nikasikia "Bismillahi". Na kalamu ikasimama mkononi. Kwani zile dawa ni za nini? Takrolimasi, prednisoloni, na ile ya tatu. Nimemsomea halati makaratasi yake tangu niko kidato cha kwanza, ninajua yalivyoandikwa: za kushusha kinga. Zinashushwa makusudi, ili mwili usiitambue figo ya mjomba kuwa ni mgeni na kuipiga vita. Askari wale wale wanaonyang'anywa silaha wasiipige figo ndio wale wale waliotakiwa kukifukuza kirusi.

Sikulala. Nilisoma kwenye simu mpaka betri ikaisha. Nilichokikuta ni kwamba jambo hili linajulikana zamani. Watafiti walipokusanya takwimu za waliopandikizwa viungo katika nchi mbalimbali na kuzichapisha mwaka 2007, walikuta saratani ya mlango wa kizazi inawapata kama mara mbili zaidi ya wanawake wengine. Kwa wanaoishi na VVU ni zaidi ya hapo, kama mara sita. Saratani nyingine zinazotokana na virusi nazo huongezeka. Pia ile safari ya miaka 15 hadi 20 hufupika: kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika sana inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Nikahesabu kwa vidole. Toka 2014 mpaka mwaka jana ni miaka kumi.

Halati wakati ule alikuwa na miaka 43. Katika miaka yote hiyo alikuwa akihudhuria kliniki, akipimwa damu, mkojo, presha, kiwango cha dawa. Sitaitaja kliniki, na wala sisemi walikuwa wabaya. Figo ile iko hai kwa sababu yao. Lakini hakuna hata siku moja aliyoulizwa, "Mama, umeshapimwa mlango wa kizazi?" Mwenye figo alitazamwa figo.

Ilinichukua siku nne kulisema. Nyie mnaotoka kwetu mnajua. Kuna mambo ambayo msichana huambiwa na somo wake, na somo huenda akaambiwa na kungwi, yaani maneno yanashuka kutoka juu kwenda chini. Hayapandi. Mtoto hamuulizi mama yake mdogo habari za huko. Tulikuwa jikoni, mie ninakuna nazi, yeye anachambua mchele. Nikaanza na habari za skuli, chanjo, uvumi. Akacheka. Kisha nikauliza, bila kumtazama, kama huwa anaona damu nje ya siku zake.

Ungo ukasimama. "Kwani nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, halati. Nimekuuliza tu."

Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka moyo unanikwama. Alikuwa anaona, kiasi cha mwaka na nusu. Hakwenda kwa daktari. Alikwenda kwa ustadha anayewasomesha wanawake siku za Alkhamisi, akamuuliza kuhusu sala: damu hii inazuia au haizuii? Ustadha akamjibu sawasawa: hiyo ni istihadha, si hedhi, tia udhu kila wakati wa sala na usali. Halati akashukuru, akarudi nyumbani, na akasali sala zake zote kwa mwaka na nusu, kila moja na udhu wake. Swali alilolijali sana lilikuwa limeshajibiwa. Lile jingine, damu inatoka wapi, halikuwa na mtu wa kuulizwa.

Nami nikakumbuka kwamba alikuwa akinituma pedi dukani mara nyingi kuliko kawaida. Nilikuwa ninanunua, ninaleta, ninampa kwenye mfuko mweusi. Sikufikiri.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyegundua jambo, na nikamweleza kama ninavyoeleza darasani, sababu na matokeo: "Dawa zako zinashusha kinga, kinga ikishuka kirusi kinapata nafasi, kirusi kikipata nafasi kinaleta saratani." Nikaenda kuoga. Nilijiona nimemsaidia.

Usiku kengele ikalia. Nikasubiri kopo. Halikulia. Nikasubiri tena. Saa mbili na nusu. Saa tatu. Nikaenda chumbani kwake, nikamkuta amekaa kitandani, vidonge vimo kiganjani.

"Si umesema ndivyo vinavyoniletea?"

Wenzangu wa elimu, tunafundishwa kuandaa somo kwa malengo, tunafundishwa ubao na zana, lakini siku ile ndipo nilipojua maana ya kumfundisha mtu nusu. Mwenye figo ya kupandikizwa akiacha dawa, mwili unaweza kuikataa figo ile, na ikishakufa hairudi. Pemba. Kwa mashine gani, kwa pesa gani, kwa mjomba gani mwingine? Nikampigia mjomba simu huku ninatetemeka. Mjomba hakupandisha sauti. Alimwambia dada yake, "Figo yangu imo humo ndani. Mie sijaidai, lakini usiniulie."

Ndo nikaketi chini nikaanza upya. Nikamwambia: halati, dawa zinailinda figo, na kipimo kinaulinda mlango wa kizazi. Hivi havigombani, na hakuna anayekutaka uchague kimoja. Dawa zinapunguzwa au kubadilishwa na daktari wa figo tu, si mie, si wewe. Kirusi chenyewe hakina haraka kama unavyodhani. Ndiyo maana kikitafutwa mapema hukutwa kabla hakijafanya lolote. Saa nne kasoro usiku akavimeza. Asubuhi tukaipigia kliniki, wakatuambia aendelee saa yake ya kawaida na asirudie tena.

Wiki iliyofuata tukenda kupimwa. Kipimo cha kwanza ni rahisi mno hata nikaona haya kwamba tulikiogopa. Muuguzi hupaka mlango wa kizazi siki nyepesi, husubiri kama dakika moja, na akiangalia kwa taa, sehemu yenye walakini hugeuka nyeupe. Mchana mmoja, na umerudi nyumbani. Kwa halati sehemu ilikuwepo, na kwa kuwa ana figo ya kupandikizwa hawakutaka kuishia hapo. Tukapewa rufaa, tukapanda boti kwenda Unguja, kikakatwa kinyama kidogo kupelekwa maabara.

Katika zile wiki za kusubiri majibu ndipo baba mdogo alipouliza swali nililokuwa ninaliogopa kuliko yote. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amekaa kwenye baraza, anakunja mkeka wa karafuu. "Kirusi hiki, nasikia kinaambukizwa na mtu. Kimetoka wapi?"

Kwa swali hilo ndoa nyingi zimevunjika, na kwa kuliogopa wanawake wengi wamekaa na damu yao kimya. Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia ni kweli, kwa kawaida hupita kwa kukutana kimwili. Lakini kinaweza kuingia kikalala miaka mingi bila dalili kwa mume wala kwa mke, na kinga ikishushwa kikaamka. Mtu akikutwa nacho leo, hakuna daktari duniani anayeweza kusema kilikuja mwaka gani wala kimeletwa na nani. Huenda ni cha ujanani, huenda ni chake yeye baba mdogo, ambaye alikuwa na mke kabla ya halati. Hilo la mwisho sikulisema. Alilisema yeye mwenyewe baada ya kukaa kimya, na kisha akainuka akaenda kusali. Hatukulizungumza tena. Safari ya pili ya Unguja alikwenda naye yeye.

Majibu: chembe zimebadilika, daraja la juu, lakini bado si saratani. Bado. Neno hilo halati alilirudia garini kutoka Mkoani mpaka Chake. Waliiondoa sehemu ile kwa kitanzi cha waya mwembamba unaopita umeme, akiwa macho, na siku hiyo hiyo akatoka. Sasa atarudi kupimwa mara kwa mara, na atapimwa maisha yake yote, kwa sababu vidonge navyo ni vya maisha yake yote. Kliniki yake ya figo imeandika hilo kwenye faili. Ni mstari mmoja tu.

Najua wengi mtakaosoma hapa hamna ndugu mwenye figo ya mtu mwingine. Lakini sasa upandikizaji unafanyika hapa nchini, na kila mwaka watakuwepo wanawake zaidi kama halati. Tena si figo tu. Wapo wanaotumia dawa za kushusha kinga kwa maradhi mengine, na wapo wengi wanaoishi na VVU, ambao Shirika la Afya Duniani linataka waanze kupimwa wakiwa na miaka 25, na warudie kila baada ya miaka 3 hadi 5. Waliopandikizwa mara nyingi hufuatwa kwa utaratibu kama huo au wa karibu zaidi. Wanawake wengine wote, miaka 30. Chanjo nayo, kwa mwenye kinga dhaifu, dozi moja haitoshi: ni mbili kwa uchache, na tatu ndizo bora, na afadhali zitangulie upandikizaji kuliko kuufuata. Na haitibu kirusi kilichokwisha ingia. Ukiwa na mtu wa namna hii nyumbani, muulize daktari wake swali ambalo sisi tulikaa miaka kumi bila kuliuliza.

Kwa wenzangu wa ualimu nina la ziada. Sura ile msiseme "mtasoma nyumbani". Yule msichana wa nyuma hajui alichokifanya kwa kunyoosha mkono. Siku ya mwisho ya mazoezi nilitaka kumwambia, nikashindwa, kwa kuwa siri si yangu. Kabla ya kuandika haya nilimpigia halati kuomba ruhusa. Akaniambia niandike, ila nisitie jina, na niseme kwamba sala zake hazikukatika.

Alkhamisi moja mwezi uliopita alikwenda darasani kwa ustadha akamweleza yote, wakiwa wawili. Ustadha alilia. Sasa, halati ananiambia, mwanamke akija na swali lile lile, ustadha humjibu kama zamani: hiyo ni istihadha, tia udhu, sali. Kisha humuongezea, "Na kesho asubuhi nenda spitali."